Kabla ya Dawa, Kipimo: Nani Agharamie Viashiria vya Ugonjwa wa Duchenne?

Tarehe 19 Septemba 2016 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) iliidhinisha eteplirsen, dawa ya kampuni ya Sarepta inayolenga kasoro ya jeni isababishayo Duchenne, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli ya watoto. Ushahidi wake mkuu ulitoka kwa wavulana 12. Wakaguzi hawakuridhika kwamba dawa hiyo ilikuwa imewasaidia watoto kutembea. Kilichoibeba idhini hiyo ni protini iitwayo distrofini, ambayo ilipopimwa katika vipande vya misuli baada ya wiki 180 za matibabu ilionekana kufikia wastani wa asilimia 0.93 ya kiwango cha mtu mwenye afya. Katika jaribio jingine ambalo takwimu zake ziliombwa dakika za mwisho, wagonjwa 12 walipanda kutoka wastani wa asilimia 0.16 hadi asilimia 0.44 kwa muda wa wiki 48. Kamati ya washauri ilikwisha kupiga kura ya kutoridhika, ingawa kwa tofauti ndogo, na wakaguzi wa ndani walipinga kwa maandishi. Janet Woodcock, aliyeongoza kituo cha dawa cha FDA, akaamua kinyume chao, na kamishna Robert Califf akauacha uamuzi huo usimame. Dawa ikaingia sokoni kwa bei ya takriban dola 300,000 kwa mgonjwa kwa mwaka.

Kisa hiki husimuliwa mara kwa mara kama mvutano wa huruma na sayansi, wazazi wakiwa upande mmoja na wanatakwimu upande wa pili. Mimi nakiona kama deni la utafiti lililofika siku ya kulipwa wakati mdaiwa hana kitu mfukoni. Distrofini iligunduliwa mwaka 1987. Miaka 29 baadaye, maofisa waliokuwa na mamlaka ya kuamua walikuwa wakibishana kama nusu asilimia ya protini hiyo ina maana yoyote kwa mtoto, na hapakuwa na utafiti uliokubalika na pande zote wa kuwatatulia ubishi huo. Fedha zilikuwa zimemiminwa kwa wingi katika kutafuta dawa, na kwa uchache sana katika kutafuta viashiria, yaani namna ya kujua kama dawa inafanya kazi.

Kwa wasioufahamu ugonjwa wenyewe, maelezo mafupi yatatosha. Duchenne huwapata zaidi wavulana kwa kuwa jeni ya distrofini iko katika kromosomu X, na makadirio yanayotajwa sana ni mtoto mmoja katika kila wavulana 3,500 hadi 5,000 wanaozaliwa. Distrofini huukinga utando wa seli ya msuli usichanike kila msuli unapojikaza na kulegea. Inapokosekana, seli huchanika, hujiponya, huchanika tena, mpaka mahali palipokuwa na msuli panajaa mafuta na makovu. Mtoto huchelewa kutembea, hupanda ngazi kwa shida, na anapoinuka kutoka sakafuni hujishika mapaja na kujisukuma juu kwa mikono. Wengi huhitaji kiti cha magurudumu wanapokaribia umri wa miaka 12, kisha misuli ya kupumua na moyo hufuata. Steroidi zimeurudisha nyuma ugonjwa kwa kiasi, na mashine za kusaidia kupumua zimewafikisha wengi miaka ya ishirini na thelathini katika nchi ambako zinapatikana.

Sasa mtu ajiulize: dawa mpya ya ugonjwa kama huu itapimwaje? Duchenne hauendi kwa mwendo mmoja. Mtoto wa miaka mitano anaweza kukimbia vizuri zaidi mwaka huu kuliko mwaka jana bila kumeza chochote, kwa sababu tu anakua, ilhali yule wa miaka kumi anaweza kupoteza uwezo wa kutembea ndani ya miezi michache. Kwa muda mrefu majaribio yalitegemea umbali anaotembea mgonjwa kwa dakika sita, kipimo ambacho hutegemea pia kama mtoto amelala vizuri, kama amechoshwa na safari ya kwenda hospitali, na kama anajisikia kushirikiana na daktari siku hiyo. Isitoshe, wagonjwa wenyewe ni wachache, na hao wachache hugawanyika zaidi: dawa za kurukisha eksoni ya 51, yaani kuifanya seli iruke kipande hicho cha jeni inapotengeneza protini, kama eteplirsen, huwafaa takriban asilimia 13 tu ya wagonjwa, na zile za eksoni ya 53 huwafaa kama asilimia 8. Mwaka 2024 kampuni ya NS Pharma ilitangaza matokeo ya jaribio la kuithibitisha viltolarsen, dawa ya eksoni ya 53 iliyokwisha kuidhinishwa mwaka 2020 kwa kigezo cha distrofini: watoto waliopewa dawa walionyesha mwelekeo wa nafuu, na waliopewa dawa bandia vilevile, na tofauti baina yao haikuwa na uzito wa kitakwimu.

Hapo ndipo kiashiria cha kibayolojia kinapopata thamani yake. Kiashiria ni kitu kinachopimika katika damu, mkojo, msuli au picha, ambacho hubadilika pamoja na ugonjwa na kumweleza mtafiti, pengine ndani ya miezi mitatu, jambo ambalo miguu ya mtoto ingelieleza baada ya miaka mitatu. Lakini viashiria si vya aina moja, na mkanganyiko mwingi wa Duchenne umezaliwa na kuvichanganya. Kipo kinachotambua kwamba mtu ana ugonjwa, kipo kinachoonyesha kwamba dawa imefika ilikokusudiwa, na kipo kinachotabiri kwamba mgonjwa ataishi vizuri zaidi. Ongezeko la distrofini ni ushahidi mzuri wa aina ya pili. Mwaka 2016 lilipokewa kana kwamba ni ushahidi wa aina ya tatu, au angalau kwamba lina uwezekano wa kutosha wa kuwa hivyo, na sheria ya Marekani ya idhini ya haraka inaruhusu dau kama hilo kwa sharti kwamba jaribio la kuthibitisha litafuata.

Jaribio la kuthibitisha dawa mbili za Sarepta za ukoo huohuo, golodirsen na casimersen, lilitoa matokeo Novemba 2025. Halikufikia lengo lake kuu. Dawa hizo zilikuwa zimeidhinishwa mwaka 2019 na 2021.

Nani angekuwa na sababu ya kugharamia utafiti wa kiashiria kabla dau halijawekwa? Kampuni ya dawa hugharamia kile kinachoisaidia kuuza dawa yake, na hilo si kosa la kimaadili, ni hali ya biashara. Mwamba ngoma huvutia kwake. Kampuni itatengeneza kipimo cha protini inayotokana na dawa yake, itakipima katika maabara yake, itahifadhi sampuli katika majokofu yake, na jaribio likianguka, sampuli na takwimu zitabaki ndani zikiwa siri ya biashara. Maabara tofauti zikipewa msuli uleule hazitoi jibu lilelile, hasa pale ambapo protini ni kidogo mno, na bado kiwango hicho kidogo ndicho kilichobishaniwa Washington. Kuna mfano unaonisumbua zaidi ya asilimia zenyewe. Mwaka 2013 watafiti wa eteplirsen walichapisha kwamba takriban nusu ya nyuzi za misuli zilikuwa na distrofini, wakihesabu chini ya darubini nyuzi zilizong'aa. FDA ilipotaka picha zisomwe upya na wasomaji wasiojua picha ipi ni ya nani, na kiasi cha protini kipimwe kwa njia nyingine, sura ilibadilika kabisa. Laiti kungalikuwa na njia moja ya kupima iliyokubaliwa mapema, iliyogharamiwa na mtu asiye na dawa ya kuuza, ubishi huo usingaliwafikia wazazi.

Serikali nazo zina udhaifu wao. Sheria ya MD-CARE ya Marekani ya mwaka 2001 ilifungua mlango wa fedha za umma kwa magonjwa ya kudhoofika kwa misuli na kuzaa vituo vilivyopewa jina la seneta Paul Wellstone. Umoja wa Ulaya uligharamia mradi wa BIO-NMD, ulioratibiwa kutoka Ferrara, Italia, mahsusi kwa kusaka viashiria vya magonjwa ya misuli. Hata hivyo ruzuku ya aina hii huwa ya miaka mitatu, minne au mitano, na mtoto wa Duchenne anahitaji kufuatiliwa tangu anapoanza kutembea mpaka anapoacha, na zaidi ya hapo. Wahakiki wa maombi ya ruzuku hupenda ugunduzi mpya. Anayeomba fedha za kurudia kipimo cha mwenzake katika wagonjwa mia moja wengine, ili ijulikane kama kinafaa au hakifai, huonekana hana wazo. Matokeo yake ni kwamba orodha ya viashiria vinavyopendekezwa ni ndefu na ile ya vilivyothibitishwa ni fupi. Mwaka 2015 kundi la watafiti akiwemo Eric Hoffman, mmoja wa wagunduzi wa distrofini, lilipima zaidi ya protini elfu moja katika damu ya wavulana wenye Duchenne na kupata kadhaa zinazotofautiana na za watoto wazima. Vipande vya titini, protini nyingine ya misuli, katika mkojo vilipatikana pia, na molekuli ndogo za RNA katika damu. Kazi ya kupepeta rundo hilo haina utukufu, na ndiyo iliyokosa mlipaji.

Anayefikiri kwamba kupepeta ni kazi ndogo na akitazame kiashiria kikongwe kuliko vyote. Mwaka 1959 Setsuro Ebashi na wenzake nchini Japani waliripoti kwamba kimeng'enya cha kreatini kinasi, maarufu kama CK, hupanda sana katika damu ya wagonjwa wa misuli. Kwa mtoto wa Duchenne kinaweza kuwa mara kumi hadi mara mia ya kawaida, na kwa utambuzi ni kipimo bora: ni rahisi, hufanyika katika maabara nyingi, na mwaka 2019 FDA iliruhusu kifaa cha kukipima kwa tone la damu la mtoto mchanga. Lakini mtu akijaribu kukitumia kupima maendeleo ya mgonjwa atapotea. CK hutoka katika misuli inayochanika, kwa hiyo mtoto akicheza sana jana yake, kitapanda. Na kadiri miaka inavyokwenda na misuli inavyokwisha, CK hushuka, kwa kuwa hakuna tena cha kuchanika: namba inazidi kuwa nzuri wakati mgonjwa anazidi kuwa mbaya. Jambo hilo linafahamika leo kwa sababu watoto walipimwa mwaka baada ya mwaka. Je, kati ya zile protini za mwaka 2015, zipi zina tabia hiyohiyo? Swali hilo hujibiwa kwa ufuatiliaji wa miaka tu.

Yapo mambo yaliyofanyika vizuri, na yanafanana kwa kitu kimoja: aliyelipa hakuwa na dawa mkononi. Kuanzia mwaka 2010 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani ziligharamia mradi wa ImagingDMD, unaoongozwa na Chuo Kikuu cha Florida, uliowapiga watoto picha za MRI za misuli mwaka hadi mwaka na kuhesabu ni sehemu gani ya msuli imegeuka mafuta. Hakuna kisu wala mshono, na mabadiliko huonekana mapema kuliko yanavyoonekana katika mwendo wa mtoto. Takwimu zake zimetumiwa na wengi kupanga majaribio yao. Ulaya nayo ilitoa mfano mwingine, ambao kwa usahihi si kiashiria cha damu wala msuli bali kipimo cha mwendo: kifaa kidogo kinachofungwa kwenye kifundo cha mguu nyumbani, ambacho hurekodi hatua za mtoto kwa wiki kadhaa na kutoa kasi ya hatua zake za haraka zaidi. Shirika la Dawa la Ulaya (EMA) lilikikubali mwaka 2019 kama kipimo cha pili katika majaribio, na mwaka 2023 likakipandisha kuwa kipimo kikuu. Kwa kuwa idhini hiyo iko wazi kwa umma, kampuni yoyote inaweza kuitegemea, na hiyo ndiyo tofauti kati ya kipimo kilichoidhinishwa peke yake na kipimo kilichoidhinishwa kikiwa kimebebwa mgongoni na dawa.

Lipo pingamizi zito, na sitaki kulipita kama halipo. Watetezi wa idhini ya 2016 walisema kwamba bila kuikubali distrofini, wawekezaji wangeliukimbia ugonjwa huu, na kwamba mtoto anayekaribia kupoteza miguu hawezi kungojea watafiti wakubaliane kuhusu mbinu za maabara. Sehemu ya kwanza ina ukweli: baada ya 2016 fedha ziliongezeka na kampuni nyingi ziliingia. Ila zilikwenda wapi? Zilikwenda katika dawa nyingine zilizoweza kuidhinishwa kwa kipimo kilekile. Juni 2023 Elevidys, tiba ya jeni yenye bei ya dola milioni 3.2, iliidhinishwa kwa sababu misuli ya watoto ilitengeneza distrofini iliyofupishwa, kwa kuwa kirusi kinachotumika kuibeba jeni hadi kwenye misuli hakiwezi kuimeza nzima. Miezi minne baadaye jaribio la watoto 125 halikufikia lengo lake kuu; tofauti na dawa bandia ilikuwa pointi 0.65 katika kipimo cha uwezo wa mwili chenye pointi 34. Mwaka 2024 matumizi yake yalipanuliwa hata kwa wasiotembea, Peter Marks, aliyekuwa mkuu wa kituo cha FDA cha tiba za kibayolojia, akiamua kinyume na wakaguzi wake, na mwaka 2025 vijana wawili wasiotembea walifariki kwa ini kushindwa kufanya kazi. Julai mwaka huohuo kamati ya EMA ilikataa kuipendekeza Ulaya. Sisemi kwamba tiba hiyo haifai kwa mtoto yeyote, na huenda miaka ya ufuatiliaji ikaonyesha kundi linalonufaika. Nasema kwamba protini iliyofupishwa haikuweza kumweleza mtu yeyote ni kundi lipi, na familia ziliombwa kuamua kabla ya jibu kupatikana.

Ini lenyewe linafundisha jambo. Vimeng'enya vya ALT na AST, ambavyo madaktari hupima kuangalia ini, hutoka pia katika misuli, na kwa mtoto wa Duchenne huwa juu daima. Kwa sababu hiyo wapo wavulana waliochunguzwa ini kwa miezi kabla ya mtu yeyote kupima CK, na kwa sababu hiyohiyo daktari anayemfuatilia mtoto aliyepewa tiba ya jeni hulazimika kutazama viashiria vingine, kama GGT, ili ajue kama ini linaumia au ni ule msuli wa siku zote.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura, mjadala wa dawa za dola milioni tatu unaweza kuonekana kuwa wa watu wengine. Dawa hizo hazitafika kwetu karibuni, hilo ni kweli, lakini vipimo hufika, tena vikiwa na viwango vilivyowekwa kwa watu wengine. Inafahamika kwa muda mrefu, kutokana na tafiti za Marekani na Uholanzi, kwamba watu wenye afya wenye asili ya Afrika huwa na CK ya juu kuliko Wazungu. Kwa mtoto wa Duchenne tofauti hiyo humezwa na ukubwa wa ongezeko, kwa hiyo haimpotezi daktari. Kwa mama anayebeba jeni yenye kasoro bila dalili, au kwa kijana mwenye ugonjwa wa Becker, ambao ni ndugu mpole zaidi wa Duchenne, kipimo kilicho juu kidogo kinaweza kusomwa vibaya kwa pande zote mbili. Jeni kama LTBP4 na SPP1, zinazotajwa kuchelewesha au kuharakisha ugonjwa, zilitambuliwa kwa sehemu kubwa kwa wagonjwa wenye asili ya Ulaya. Kila kiashiria kipya kinachothibitishwa huko bila damu kutoka kwetu kitakuja na mashaka ya namna hiyo.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba nchi zenye mzigo wa malaria na kifua kikuu hazina nafasi katika utafiti huu. Zina nafasi ya pekee, na kwa gharama ya wastani. Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza limegharamia kituo cha kimataifa cha magonjwa ya neva na misuli kinachoongozwa na University College London, na Zambia na Afrika Kusini ni miongoni mwa washirika. Katika Hospitali ya Muhimbili, wagonjwa wa selimundu wamefuatiliwa tangu mwaka 2004 katika kundi lililoanzishwa chini ya Profesa Julie Makani, mojawapo ya makundi makubwa duniani ya ugonjwa huo yanayofuatiliwa katika kituo kimoja. Huo ni uthibitisho kwamba rekodi za miaka na miaka, zenye sampuli na majibu ya maabara, zinawezekana Afrika Mashariki pale fedha zinapotolewa kwa muda wa kutosha.

Kama ningekuwa na sauti katika vyama vya wazazi vinavyochangisha fedha, kwa mfano Parent Project Muscular Dystrophy kilichoanzishwa Marekani mwaka 1994, au AFM ya Ufaransa yenye harambee yake ya televisheni tangu 1987, ningependekeza masharti makali kuliko yaliyozoeleka. Kampuni inayopokea fedha za wazazi au sampuli za watoto wao iache nusu ya kila sampuli katika hifadhi ya pamoja, itoe takwimu za jaribio lililoanguka ndani ya mwaka mmoja, na ikubali msuli usomwe na maabara isiyo yake. Sehemu ya kila ruzuku itengwe kwa kurudia vipimo vya wengine, hata kama jibu litakuwa kwamba kiashiria hakifai, kwa kuwa kukiondoa kiashiria kibovu katika orodha kunamwokoa mtoto wa kesho asikatwe msuli bure. Najua wachangiaji hawapendi kuambiwa kwamba fedha zao zimenunua majokofu na safari za watoto kwenda kupigwa picha. Ni wajibu wa viongozi wa vyama hivyo kuwaambia hivyo hata kama michango itapungua kwa msimu mmoja.

Kwa upande wetu kazi ya kuanzia haihitaji kungoja mfadhili wa mbali. Hospitali za rufaa tayari hupima CK, na maabara zake hubaki na damu ya watoto waliopimwa kwa sababu nyingine. Kwa kibali cha kamati za maadili, na bila majina, damu hiyo inaweza kutoa viwango vya kawaida vya CK kwa watoto wazima wa Afrika Mashariki kwa kila umri, ili daktari wa kliniki ya watoto anapompima mvulana aliyefikisha miezi kumi na minane bila kutembea awe na namba ya kulinganishia iliyotokana na watoto wa hapa.